Bastola inayomtosha mama mkononi, na mikono mingine iliyomo nyumbani

Saa moja na nusu usiku, mwezi Januari, eneo la kuegesha magari nyuma ya hospitali moja mjini Houston, Marekani, huwa na giza. Mama mmoja wa Kitanzania, muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa moyo, alikuwa ametoka zamu ya saa 12. Miguu ilimuuma. Mkono mmoja ulishika bakuli la chakula cha mchana, mwingine ulitafuta ufunguo ndani ya mkoba. Gari lake lilikuwa mstari wa mwisho kwa sababu asubuhi alichelewa. Mtoto mdogo alikataa kuvaa viatu.

Akasikia hatua nyuma yake. Alipopunguza mwendo, nazo zikapungua. Alipoongeza, zikaongezeka. Alifika kwenye gari anahema, akajifungia ndani, akamwona mwanaume aliyevaa kofia ya sweta akipita taratibu mbele ya taa za gari, akimtazama usoni.

Wiki iliyofuata alimwona tena, na mara ya tatu pia. Walinzi wa hospitali waliandika maelezo yake kwenye daftari, wakamwambia awe mwangalifu.

Mume wake ni dereva wa malori ya masafa marefu. Huondoka Jumapili jioni na kurudi Ijumaa, akiwa amepita majimbo matatu au manne. Alipopigiwa simu usiku ule alikuwa Arizona.

"Mama watoto," alisema, "siwezi kukaa huku jangwani nikimwomba Mungu tu. Nikirudi nitakutafutia kitu."

Ijumaa alirudi na kisanduku kidogo. Ndani yake mlikuwa na bastola.

Zawadi ndogo yenye teke kubwa

Kwao Tanga, mama huyu alikua akijua kwamba bunduki ni ya polisi, ya askari wa wanyamapori na ya mlinzi wa benki. Raia anayetaka kumiliki silaha Tanzania hupitia maombi, mahojiano na leseni. Texas mambo ni tofauti. Tangu Septemba 1, 2021, mtu mwenye miaka 21 na zaidi ambaye sheria haimzuii kumiliki silaha anaweza kubeba bastola hadharani bila kibali. Wauguzi wenzake wengi wana bastola, na huzizungumzia kama wanawake wa kwetu wanavyozungumzia majiko ya gesi: hii nzito, ile nyepesi, hii inasumbua kusafisha.

Aliyoletewa ilikuwa revolva, yaani bastola yenye kikombe kinachozunguka, chenye matundu matano ya risasi. Ilikuwa fupi na nyepesi, chini ya nusu kilo. Muuzaji alimwambia mumewe kwamba hiyo ndiyo "bastola ya mwanamke", kwani ni ndogo, inaingia kwenye mkoba na haina mambo mengi.

Siku ya kwanza kwenye ukumbi wa kulenga shabaha alifyatua risasi tano. Ya kwanza iligonga ukuta wa mchanga juu kabisa ya karatasi ya shabaha. Ya pili hakujua ilikwenda wapi. Baada ya ya tano aliweka bastola mezani akatazama kiganja chake: ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa nyekundu, na kifundo cha mkono kilimuuma kama mtu aliyetwanga kisamvu kutwa nzima. Aliona aibu. Alidhani kasoro ni yake.

Mkufunzi wa pale, mwanamke wa makamo aliyewahi kuwa askari, alimsogelea akamuuliza nani alimchagulia silaha ile.

"Mume wangu."

Mkufunzi akacheka kidogo, bila dharau. Alisema kila wiki hupokea wanawake wenye bastola ndogo walizonunuliwa na wanaume wanaowapenda.

Kwa nini ndogo huumiza

Maelezo aliyopewa siku ile yanashangaza wengi, lakini ni fizikia ya kawaida. Risasi inapotoka mbele, bastola husukumwa nyuma. Bastola nzito humeza sehemu ya msukumo huo kabla haujafika mkononi. Nyepesi haina cha kumezea, hivyo teke lote linamfikia mshikaji. Kwa risasi ileile, bastola ndogo na nyepesi ndiyo inayoumiza zaidi. Mpini wake nao ni mfupi, kidole cha mwisho hukosa pa kushika, na mtutu wake mfupi hufanya kulenga kuwe kugumu.

Kifyatulio cha revolva ndogo za namna ile huwa kigumu pia. Nyingi zinahitaji nguvu ya kama kilo tano na zaidi kukivuta hadi mwisho, na kinasafiri njia ndefu. Mtu mwenye vidole visivyo na nguvu hutetemesha bastola nzima anapovuta, na risasi huenda pembeni. Kampuni za silaha zimekuwa zikiwalenga wanawake kwa muda mrefu; Smith & Wesson ilianza kuuza bastola zake za jina la LadySmith mwishoni mwa miaka ya 1980, na baadaye soko likajaa bastola za rangi ya waridi. Rangi haipunguzi teke. Kinachomsaidia mwanamke ni vipimo vya mkono wake mwenyewe.

Kwa Jumamosi tatu mfululizo, mkufunzi alimfundisha kupima. Kwanza ni mpini. Kiganja kinapaswa kukaa juu kabisa nyuma ya mpini, mtutu ukiwa kwenye mstari mmoja na mfupa wa mkono. Katika hali hiyo, nyama ya mbele ya kidole cha shahada ifike kwenye kifyatulio bila kuuzungusha mkono. Kama ni lazima kuuzungusha ndipo kidole kifike, mpini ni mnene mno, na teke litaishia kwenye kifundo cha kidole gumba. Baadhi ya bastola, kama Glock 19 za matoleo ya karibuni, huja na vipande vya kubadilisha mgongo wa mpini ili uendane na mkono.

Pili ni kile chuma cha juu ambacho lazima kivutwe nyuma ili risasi ya kwanza iingie kwenye mtutu. Wanawake wengi wanashindwa hapa, hasa wenye maumivu ya viungo au waliofanya kazi za mikono miaka mingi, na wengi huambiwa kwamba hawana nguvu. Mara nyingi tatizo ni namna ya kushika. Yeye alikuwa akikivuta kwa ncha za vidole viwili, kama anayefungua kopo la nyanya. Alifundishwa kuleta bastola karibu na kifua, mtutu ukitazama shabaha muda wote, kukishika chuma kwa kiganja chote kutoka juu, kisha mkono mmoja usukume mbele na mwingine uvute nyuma kwa pamoja. Siku hiyohiyo akaweza.

Wapo ambao hata kwa njia hiyo hawawezi. Kwa ajili yao kuna bastola zenye springi laini. Shield EZ ya Smith & Wesson, iliyotoka mwaka 2018 kwa risasi ya .380 na mwaka 2020 kwa risasi ya milimita 9, ilitengenezwa kwa lengo hilo; hata herufi za jina lake zikisomwa kwa Kiingereza zinasikika kama neno la "rahisi".

Tatu ni uzito. Alijaribu bastola sita za kukodi pale ukumbini. Zile za gramu 600 na zaidi, zenye risasi ya milimita 9, alizifyatua mara hamsini bila maumivu, na matundu kwenye karatasi yakaanza kukusanyika mahali pamoja, kama ukubwa wa sahani ya chai. Bastola iliyo kubwa kuliko ya mumewe ilikuwa tulivu zaidi mkononi mwake. Mkufunzi alimwambia maneno aliyoyaandika kwenye simu: bastola inayokustarehesha ndiyo utakayofanya nayo mazoezi, na usiyofanya nayo mazoezi haitakusaidia siku ya shida.

Masikio, risasi na mikono ya kunawa

Kwa kuwa ni muuguzi, aliuliza maswali ambayo wateja wengi hawaulizi.

Mlio wa bastola hupita desibeli 140, kiwango kinachoweza kudhuru usikivu kwa mlio mmoja tu. Ndani ya ukumbi, ambako sauti hugonga kuta na kurudi, alivaa vizuizi viwili: vya kuingiza ndani ya sikio, na juu yake vile vya kufunika sikio lote.

Jambo la pili ni madini ya risasi. Neno lenyewe la Kiswahili linatukumbusha: risasi ya bunduki na madini ya risasi vina jina moja. Kila mlipuko huacha vumbi la madini hayo hewani, mikononi na kwenye nguo. Kwa mtoto mdogo, hata kiasi kidogo cha madini hayo kinaweza kuathiri ukuaji wa ubongo. Hivyo alipotoka ukumbini alinawa mikono na uso kwa maji ya baridi na sabuni, viatu vikabaki nje ya mlango, nguo zikaenda kufuliwa peke yake, na mtoto hakukumbatiwa kabla mama hajaoga. Mjamzito hushauriwa kukaa mbali kabisa na kumbi hizi, kwa sababu madini hayo huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na tumbo la mama halina kizuizi cha kutosha dhidi ya kelele. Mama anayenyonyesha naye anahitaji tahadhari, kwani madini hayo hupita kwenye maziwa.

Mwisho wa mwezi Februari alikuwa ameichagua yake. Ilikuwa ya milimita 9, mpini unamkaa, chuma cha juu anakivuta bila shida, kifyatulio chake kikihitaji chini ya nusu ya nguvu ya kile cha revolva. Dukani alijaza fomu ya serikali kuu namba 4473, inayouliza uraia, makosa ya jinai na hukumu za ukatili dhidi ya mwenza, kisha majina yake yakapitishwa kwenye mfumo wa ukaguzi unaoendeshwa na FBI. Alipewa majibu ya kuruhusiwa kabla hajamaliza soda yake. Hakuwa na fedha zote, hivyo alilipa sehemu, bastola ikabaki kabatini dukani akiimalizia kidogokidogo.

Swali la ule mwendo wa dakika nne

Siku moja akiwa kwenye mapumziko, muuguzi mwenzake kutoka Mombasa alimuuliza swali dogo.

"Dada, ukishaichukua, utaiweka wapi ukiwa kazini?"

Akanyamaza. Sheria ya Texas imeweka hospitali kwenye orodha ya sehemu zenye marufuku ya bastola, na mwajiri wake naye hakuruhusu silaha ndani ya jengo. Ingebidi ibaki kwenye gari. Maana yake, ule mwendo wa dakika nne kutoka mlangoni hadi kwenye gari, ambao ndio uliomtia hofu, angeutembea mikono mitupu kama zamani. Na kwa saa 12 bastola ingekuwa imelala kwenye gari lililoegeshwa gizani, mahali ambapo wezi wa vitu vya kwenye magari hupenda.

Mwenzake akaongeza jingine. Alimkumbusha kisa cha mwishoni mwa mwaka 2014, katika jimbo la Idaho, ambapo mtoto wa miaka 2 alitoa bastola kwenye mkoba wa mama yake wakiwa dukani, ikafyatuka, na mama akafa palepale. Mama yule alikuwa na kibali, na mkoba ulitengenezwa maalumu kwa kubebea silaha.

Usiku ule alimtazama mwanawe wa kiume wa miaka minne akivuta zipu ya mkoba wake kutafuta pipi. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1995 uliopima nguvu za vidole vya watoto. Ulionyesha kwamba robo ya watoto wa miaka 3 hadi 4, na asilimia 70 ya wa miaka 5 hadi 6, wangeweza kuvuta vifyatulio vya bastola nyingi zilizokuwa sokoni. Alikuwa ametumia wiki nne kutafuta kifyatulio laini kwa kidole chake. Kilichokuwa laini kwake kilikuwa laini zaidi ya inavyotakiwa kwa mwanawe.

Aliagiza sefu ndogo inayofunguliwa kwa tarakimu. Alidhani amemaliza.

Simu kutoka shuleni

Sefu ilikuwa bado njiani pale mshauri wa wanafunzi wa shule ya binti yake alipopiga simu. Binti ana miaka 14. Tangu wahame mtaa mwaka uliopita alikuwa amepungua maneno. Chakula anakigusagusa, mlango wa chumba umefungwa, simu usoni hadi usiku wa manane. Mama alisema ni umri. Bibi yake kutoka Tanga aliposikia kwenye simu alisema, "Mwanangu, mtoto akinyamaza sana mfuate, usingoje aseme." Mama aliahidi kumfuata, kisha zikaja zamu za ziada.

Mshauri alisema binti ameandika kwenye kazi ya darasani sentensi zinazoonyesha amechoka kuishi. Alizungumza naye, hakuona hatari ya saa ileile, lakini alitaka mzazi aje. Kisha akauliza kwa upole, kama anayeuliza jambo la kawaida: "Nyumbani kuna silaha?"

Mama alijibu haraka kwamba ipo moja ya baba, lakini imefichwa vizuri, watoto hawajui ilipo.

Njiani kurudi nyumbani, binti akiwa kiti cha mbele, walikaa kimya muda mrefu. Mama alikuwa ameambiwa na mshauri amuulize moja kwa moja, kwamba kumuuliza mtoto kuhusu mawazo ya kujiua hakumpandikizii mawazo hayo. Kwenye taa nyekundu akauliza.

Binti alitazama dirishani. "Mara moja moja," alisema. Halafu akaongeza, taratibu, "Mama, ile ya baba naijua ilipo. Iko juu ya kabati, nyuma ya masanduku, kwenye boksi la viatu."

Taa ikawa ya kijani, magari ya nyuma yakapiga honi.

Mama huyu si wa kwanza kukosea. Watafiti waliozihoji familia za Alabama, na kuchapisha matokeo mwaka 2006, waliwauliza wazazi na watoto wao kila mmoja peke yake. Kati ya wazazi waliosema mtoto hajui bunduki inapowekwa, asilimia 39 walipingwa na watoto wao wenyewe. Kati ya waliosema mtoto hajawahi kuishika, asilimia 22 walipingwa vilevile. Kuficha si kufungia.

Usiku ule hakungoja mume arudi. Aliitoa bastola juu ya kabati, akaondoa risasi kama alivyofundishwa, na akaipeleka kwa yule mwenzake wa Mombasa, ambaye mumewe ana sefu kubwa na watoto wao ni watu wazima wanaojitegemea. Risasi alizibeba kwenye mfuko mwingine. Kisha akampigia mumewe.

Mume alikaa kimya kwenye simu hadi mama akadhani mtandao umekata.

"Mimi ndiye niliyeileta," alisema mwishowe.

"Wote tuliiacha pale," mama akamjibu.

Kile takwimu zinachosema

Katika Marekani, tangu mwaka 2020, silaha za moto ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 1 hadi 19. Wengi hufikiria mauaji ya mitaani na mashambulizi ya shuleni. Sehemu kubwa ya vifo hivyo ni vijana waliojiua wenyewe, mara nyingi kwa silaha ya nyumbani kwao au ya ndugu. Saa mbaya ya kijana huweza kupita. Ndiyo maana umbali kati yake na silaha saa hiyo ni jambo la uhai.

Hata mama mwenyewe yumo kwenye hesabu. Utafiti mkubwa uliofuatilia watu wazima milioni 26 wa California kati ya mwaka 2004 na 2016, na kuchapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba wanawake waliomiliki bastola walijiua kwa silaha ya moto mara 35 zaidi ya wanawake wasiomiliki. Na pale ambapo mwanaume ndani ya nyumba ni mpigaji, utafiti wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba uwezo wake wa kupata bunduki huongeza mara tano hatari ya mke kuuawa. Kwa mwanamke huyo, hatari haiko kwenye eneo la kuegesha magari.

Takwimu hizi hazimaanishi kwamba hofu ya mama yule ilikuwa ya uongo. Mwanaume wa kofia ya sweta alikuwepo. Zinamaanisha kwamba bastola inapoingia nyumbani haimjui aliyenunuliwa.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinasema nyumba salama zaidi kwa mtoto ni isiyo na silaha. Kwa familia inayoamua kuwa nayo, ushauri ni wa namna moja kila mahali: silaha itolewe risasi, ifungiwe kwa ufunguo au tarakimu, na risasi zifungiwe mahali pengine. Utafiti wa mwaka 2005 ulikuta kwamba kila moja ya hatua hizo peke yake iliambatana na kupungua kwa vifo na majeraha ya watoto na vijana, ya kujiua na ya ajali. Tarakimu zisiwe siku ya kuzaliwa ya mtu yeyote wa nyumbani. Watoto huanza na hizo. Na kijana anapopita kipindi cha giza, ushauri ni silaha iondoke nyumbani kabisa hadi kipindi hicho kiishe, kama tunavyoondoa dawa za mgonjwa na sumu ya panya. Texas nayo, pamoja na ulegevu wake, humfikisha mahakamani mtu mzima ambaye kwa uzembe ameacha silaha yenye risasi mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 ameipata.

Mzazi unayesoma haya Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura unaweza kusema ni ya huko. Lakini wangapi wetu tuna mtoto aliyekwenda kusoma huko, au anayelala wikendi kwa shangazi wa Dallas au Minneapolis? Swali ambalo mshauri alimuuliza mama yule unaweza kumuuliza ndugu yako bila kumvunjia heshima: "Nyumbani kwako kuna silaha? Imefungiwa?" Tunauliza kama kuna mbwa mkali. Hili nalo liulizwe.

Taa tatu mpya

Mume aliporudi Ijumaa walikwenda pamoja kuiuza ile revolva. Alipata hasara ya zaidi ya nusu ya bei, na hakulalamika. Aliomba kampuni yake impe safari fupi kwa miezi mitatu, mshahara ukapungua. Binti alianza kuonana na mtaalamu wa afya ya akili kila Jumatano, na kwenye simu yake ikahifadhiwa namba 988, ambayo Marekani hupigwa au kutumiwa ujumbe saa yoyote na mtu aliyezidiwa na mawazo.

Kuhusu lile giza la nyuma ya hospitali, wauguzi kumi na moja wa zamu ya mchana walisaini barua. Waliomba taa, waliomba mlinzi awasindikize saa moja na nusu usiku, na wakakubaliana kwamba hakuna anayetoka peke yake. Ilichukua wiki sita na vikao viwili. Sasa zipo taa tatu mpya, na kila usiku kundi la wanawake hutoka pamoja wakichekeshana, mlinzi nyuma yao. Yule mwanaume hajaonekana tena, ingawa mama bado hugeuka kutazama.

Bastola aliyoichagua, ile inayomkaa mkononi vizuri, alimaliza kuilipia mwezi Agosti. Muuzaji amempigia mara mbili kuuliza ataichukua lini. Mara zote mbili amejibu kwamba bado.

Jumatano iliyopita, wakitoka kwa mtaalamu, binti aliomba wapitie dukani kununua unga wa sembe. Alisema ana hamu ya ugali na dagaa, lakini apike yeye. Ugali ulitoka na mabonge. Mdogo wake alikula mabonge yote akidhani ni sehemu ya chakula, na binti akacheka hadi akalazimika kuketi sakafuni. Mama alisimama mlangoni mwa jikoni akiwa bado na sare za kazini, mikono mitupu, akiusikiliza mcheko huo ambao ulikuwa haujasikika nyumbani humo tangu mwaka jana.